Rezista ya Mkiani

Tabu aliporudi kutoka Maskati, mtaa mzima wa Mwananyamala ulijua kabla hajafungua sanduku. Majirani walimiminika kumpa pole ya safari na kumkagua, maana mtu akitoka Uarabuni hukaguliwa kama nguo ya mtumba: kanenepa, hajanenepa, kaleta nini, kamletea nani. Hamisa naye alikwenda, ila hakutaka udi wala mafuta ya nywele. Alikaa mkekani akangoja wenzake wachoke kuuliza. Ndipo Tabu akamvuta chumbani, akamkabidhi kifurushi kilichoviringishwa kwenye kanzu kuukuu. Kutoka kwa shemeji, akasema. Yuko salama, kapata na kitambi kidogo, anakusalimu sana.

Hamisa aliishika ile kanzu kwanza, kabla ya kilichomo. Akainusa. Usimcheke, mume kaondoka mwaka wa nne huu, hata ungekuwa wewe ungenusa. Ilinuka sabuni asiyoijua, na kwa mbali sana, kwenye ukosi, ilinuka Talha, mumewe.

Fremu yao iko uchochoroni, nyuma ya barabara ya hospitali, kati ya duka la dawa na mama anayekaanga mihogo. Juu ya mlango pameandikwa TALHA NA MKE, MAFUNDI WA REDIO NA AMPLIFAYA. Talha aliyaandika maneno hayo kwa brashi yake mwenyewe juma lile walilooana, na watu wakacheka wee mpaka wakachoka, ati mke wa mtu anabandikwa kwenye kibao kama kampuni. Wenyewe hawakujali. Walikuwa wamesoma chuo kimoja cha ufundi, Talha akiwa darasa la mbele, na mapenzi yao hayakuanzia harusini kwa watu wala ufukweni. Yalianzia kwenye hesabu ya mkondo wa emita, hesabu ambayo Hamisa aliikosea.

Kwa asiyejua, jambo lenyewe ni hili, na wala si gumu. Amplifaya nzuri huanza na transista mbili pacha zilizosimama pamoja. Moja inapokea sauti inayoingia, ya pili inaonjeshwa kidogo sauti iliyokwisha kutoka, na kazi yao ni kulinganisha. Kilicho sawa pande zote mbili, kama ule mngurumo wa umeme wa ukutani, wanakiachilia mbali. Kinachotofautiana ndicho wanachokikuza. Sasa miguu yao ya chini, inayoitwa emita, hufungwa pamoja, na kutoka hapo inashuka rezista moja tu hadi kwenye umeme hasi. Hiyo ndiyo rezista ya mkiani. Mkondo wa wote wawili unapita humo humo.

Kuupata mkondo wenyewe, unachukua volti za upande wa hasi, tuseme kumi na mbili. Unatoa nukta saba, ambayo transista hujichukulia yenyewe hata usipoipa. Inabaki kumi na moja nukta tatu. Unagawa kwa rezista, basi, umeupata mkondo wa mkiani. Hapo ndipo wanafunzi wanapopiga makofi na kufunga daftari, na hapo ndipo wanapokosea, maana ule si mkondo wa emita moja. Ni wa emita mbili. Lazima uugawe tena, huyu nusu na yule nusu. Siku ile chuoni Hamisa hakuugawa, na yule kijana mrefu wa darasa la mbele, aliyekuwa akiwasaidia jioni, akainama juu ya karatasi yake akamwambia kwa upole kwamba hesabu ni nzuri ila amemsahau mwenzake.

Neno hilo likawa lao. Mteja akisahau kulipa kiporo cha deni, kamsahau mwenzake. Talha akila mkate wote asubuhi, kamsahau mwenzake. Kitandani ndio usiseme. Walikuwa na lugha yao wawili hao, na mtu akiwasikiliza angedhani wana wazimu.

Walikuwa na utaratibu wao wa kazi pia. Transista hata zikitoka pakiti moja hazifanani. Moja ina nguvu, nyingine legelege. Basi baada ya magharibi walikuwa wakimwaga pakiti nzima kwenye sinia, Talha akizipima na mita moja moja, Hamisa akizitafutia wenza. Zikipatikana mbili zinazolingana, Hamisa alizigeuza zitazamane, akazifunga uso kwa uso kwa uzi wa cherehani, fundo akaliziba kwa rangi ya kucha lisifunguke. Kwa nini? Kwa sababu transista ikipata joto peke yake mwenendo wake hubadilika, ikamwacha mwenziwe. Zikigusana zinapata joto pamoja na kupoa pamoja. Wazo la uzi na rangi ya kucha lilikuwa la Hamisa, na hakuna fundi mwingine Kinondoni yote aliyekuwa akifanya hivyo.

Benchini palikuwa na boksi la umeme alilolisuka Talha, transfoma na kila kitu, linalotoa volti kumi na mbili juu ya sifuri na kumi na mbili chini ya sifuri. Kila amplifaya waliyoiunda ilizaliwa hapo. Na mkataba wa nyumba ulikuwa miliampea moja kwa kila emita, si zaidi, si pungufu. Talha alikuwa mkali kwa hilo kuliko kwa chumvi ya mchuzi. Miliampea moja huku, moja kule, mkiani zinapita mbili. Gawa kumi na moja nukta tatu kwa mbili, na kwa kuwa ni miliampea jibu huja kwa maelfu: omu elfu tano na mia sita na ushei. Rezista ya elfu tano mia sita, na rezista husomwa kwa mistari yake ya rangi: kijani, buluu, nyekundu. Hamisa alikuwa akiziota rangi hizo.

Halafu ikaja hiyo kazi ya Maskati. Kampuni ya kutengeneza viyoyozi, mkataba wa miaka miwili, chumba bure. Ataenda apate kidogo cha kupanulia fremu, walisema, kisha atarudi. Miaka miwili ikaisha, akasema kafungwa na mkataba mpya, mara ruhusa imecheleweshwa, mara tajiri kasafiri. Kila simu alilalamika vilevile: analala chumba kimoja na wanaume wenzake, kitanda juu ya kitanda, hana benchi, mikono inamwasha kwa hamu ya kushika chuma cha risasi, kile cha moto cha kuunganishia waya. Hamisa akimsikia anavyosema hivyo aliumia, na papo hapo alifarijika, maana mtu asiye na benchi lazima atalikumbuka la kwake.

Dada yake Munira, anayeishi Chamazi karibu na uwanja wa mpira, alikuwa ameshachoka. Kiwanja kipo, alikuwa akimwambia, njoo ujenge kibanda chako cha ufundi nyumbani kwangu, uache kulinda kibao. Wewe una mume wa simu, mdogo wangu. Hamisa alikuwa akimjibu kwamba Talha akirudi atakuja Mwananyamala, hatakwenda Chamazi kuulizia. Munira akisikia hivyo husonya tu, akabadilisha mazungumzo. Na safari hii Hamisa alikuwa na la kujibu zaidi: Talha kasema anakuja Iddi. Alikuwa amewaambia watu wote. Chumba kapaka chokaa, godoro kalipigisha jua, na mwezi wa Ramadhani ulikuwa umebakiza siku chache kuandama.

Ndani ya kanzu ile kulikuwa na bodi ya amplifaya.

Aliiweka chini ya taa akaitazama kama mtu anavyomtazama mtoto wa ndugu yake, akitafuta sura. Njia za risasi zimepinda zilivyozoea kupinda. Waya za kuingizia zimesukwa, nyekundu juu ya nyeusi. Na katikati, zile transista mbili zimefungwa uso kwa uso kwa uzi, fundo limezibwa kwa rangi ya kucha. Hapo macho yalimlegea. Mtu yuko ng'ambo, peke yake, kaenda dukani kununua rangi ya kucha. Alijaribu kupata picha yake, na kitambi chake hicho kipya, anachagua chupa mbele ya mwuzaji, akashindwa kujizuia, akacheka huku machozi yanamtoka.

Akafungua tena ujumbe wa sauti aliokuwa ametumiwa juma lile. Alishausikiliza mara nyingi, lakini sasa bodi iko mkononi ni jambo lingine. Nimeiunganisha kitandani, kidogo kidogo, Talha alisema. Nimeipigia hesabu ya boksi letu, wewe iunganishe tu uiwashe. Inshallah Iddi tutaisikia pamoja.

Akaiunganisha kwenye boksi, akachomeka spika, akapitisha taarabu. Sauti ikatoka, nyembamba. Akiongeza kidogo inavumilia, akiongeza zaidi inachoka, inakwaruza, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo bila kula. Hamisa alikunja uso. Talha hajawahi kuunda kitu cha namna hii tangu wajuane.

Akachukua mita. Kwenye rezista ya mkiani akakuta kumi na moja nukta tatu, sawa. Akaisoma rangi: kahawia, nyekundu, chungwa. Elfu kumi na mbili. Akaisoma tena, akaifuta vumbi kwa kidole, akaisoma mara ya tatu. Elfu kumi na mbili mahali pa elfu tano mia sita. Kumi na moja nukta tatu kwa elfu kumi na mbili ni kiasi cha nukta tisa nne ya miliampea mkiani. Kila emita haipati hata nusu miliampea. Si ajabu inachoka, transista zenyewe zina njaa.

Kisha akaelewa, na furaha aliyoipata hapo, wallahi, ungeiona usingeamini. Amemsahau mwenzake! Talha mzima, mwalimu wa watu, kapiga hesabu ya miliampea moja akaigawia mkia mzima. Kumi na moja nukta tatu kwa moja, elfu kumi na moja na ushei, akachukua rezista iliyo karibu, elfu kumi na mbili. Lile lile kosa la Hamisa la chuoni, herufi kwa herufi. Kachoka, maskini. Kafanya kazi juani kutwa, karudi chumbani wenzake wanapiga soga, kapiga hesabu kitandani akili imemruka. Mtu anayekosea hivyo ni mtu asiye na benchi, aliyechoka, anayetaka kwenda kwao. Hamisa alilipenda kosa hilo kuliko bodi yenyewe. Alikuwa tayari kulibusu.

Kuna kitu kilimgusa pembeni, lakini alikipuuza. Makapasita, vile vikopo vya kutunzia umeme, yalikuwa ya kuhimili volti hamsini. Wao siku zote wanatumia ya ishirini na tano, yanatosha na kubaki. Akajiambia duka la kule pengine halina mengine.

Rezista za kolekta, yaani za miguu ya juu ya transista, kwenye bodi zilikuwa zimelala chini ya transista zenyewe, zimefichwa na uzi na rangi. Ili kuziona ilibidi ainamishe bodi dhidi ya mwanga. Hakuinamisha. Alisema atafanya baadaye, akafunika bodi kwa kile kitambaa cha kanzu, akashika redio ya mteja.

Mtu anaweza kujua kitu na asikitazame, na Hamisa siku ile alikuwa hodari wa hilo. Alitengeneza redio mbili. Akafagia fremu iliyokwisha kufagiwa. Akaenda kumsaidia mama wa mihogo kumenya, jambo ambalo hajawahi kulifanya, mpaka yule mama akamwuliza kama anaumwa. Munira akapiga simu kuulizia habari za Tabu, Hamisa akamwambia shemeji yako kakosea hesabu, fikiria, akacheka sana, na Munira upande wa pili akamwuliza hicho ni kichekesho kwa namna gani. Hamisa akasema huwezi kuelewa. Baada ya hapo simu ikawa haina utamu, wakaagana.

Adhuhuri ilipopita akarudi benchini, akafunua bodi, akaiinamisha.

Kahawia, nyekundu, chungwa. Zote mbili. Elfu kumi na mbili.

Aliketi. Sasa mfuate polepole, maana yeye mwenyewe alikwenda polepole, akitumaini atakosea mahali. Aliyemsahau mwenzake anaamini kila emita inapitisha miliampea moja, na boksi lake lina volti kumi na mbili. Kwenye kolekta anataka nusu ya volti hizo zishuke, yaani sita, ili sauti ipate nafasi ya kupanda na kushuka. Sita kwa miliampea moja ni elfu sita. Angeweka rezista ya elfu sita au jirani yake. Akiweka elfu kumi na mbili, basi kwa hesabu yake mwenyewe volti zote kumi na mbili zinaishia kwenye rezista, na transista inabaki mikono mitupu. Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza hawezi kufanya hivyo. Kwa hiyo halikuwa kosa.

Labda kapunguza mkondo makusudi? Akalijaribu hilo nalo. Lakini amplifaya nzima ilikuwa inalia njaa, na Talha hakuwahi kuvunja mkataba wa miliampea moja hata mteja alipomwomba. Akajua lililobaki ni moja, boksi lingine lenye umeme mwingi zaidi, na alikuwa amelijua tangu alipoyaona yale makapasita. Akapiga hesabu kwa volti ishirini na nne. Toa nukta saba, ishirini na tatu nukta tatu. Kwa elfu kumi na mbili, karibu miliampea mbili. Gawa nusu kwa nusu: miliampea moja huku, moja kule. Kolekta: miliampea moja kwa elfu kumi na mbili ni volti kumi na mbili, nusu kamili ya ishirini na nne. Na kapasita la ishirini na tano hapo lingekuwa hatarini, ndiyo maana kaweka la hamsini. Kila kitu kilikaa mahali pake. Talha hakukosea popote. Mkataba wa nyumba kauheshimu hadi nukta ya mwisho, ila nyumba aliyoipigia hesabu haikuwa hii ya Mwananyamala.

Boksi la ishirini na nne juu na ishirini na nne chini haliwekwi juu ya kitanda. Lina transfoma zito, lina feni, linataka meza, na meza inataka chumba chenye kufuli. Akaigeuza bodi akaona alama za skrubu kwenye pembe zake. Ilikuwa imefungwa mahali, ikakaa, ikatumika, ndipo ikafunguliwa ikapewa Tabu. Kule Maskati kulikuwa na benchi. Kulikuwa na mtu anaamka asubuhi anakwenda kwenye benchi hilo, jioni anafunga, na mtu huyo hana hamu yoyote ya kushika chuma cha risasi kwa sababu anakishika kutwa.

Alasiri Talha akapiga, kama ada yake ya Ijumaa. Hamisa aliiacha simu ilie kidogo. Alikuwa na hasira, ndiyo, lakini sauti ile iliposema asalamu aleikumu hasira yote ilikwenda ikakaa pembeni, ikambakiza na hamu tu. Wakasalimiana. Wakaulizana habari za joto la huko na joto la huku. Kisha Talha akauliza, kwa wepesi uliozidi kidogo, kama ameiwasha.

“Nimeiwasha,” Hamisa akasema. “Inachoka. Mkiani nimekuta elfu kumi na mbili.”

Hakusema zaidi. Alimwachia mlango wazi, na hapo aliposhika simu kwa mikono miwili alikuwa anamwomba Mungu Talha asiupite. Aseme tu. Aseme nina benchi, nimekuficha, nina sababu.

“Ah,” Talha akasema, akacheka. “Basi nilimsahau mwenzake.”

Hamisa alifumba macho. Miaka yote hiyo neno lile lilikuwa la wawili, la mezani na la kitandani, na sasa mwenyewe kalichukua kulifanyia pazia. Liliuma kuliko benchi. Angeweza kumwambia hapo hapo, angeweza hata kukata. Lakini masikini ya Mungu, alichokitaka zaidi ya yote ni asikate, aendelee kuisikia sauti ile.

“Nipigie hesabu, Talha,” akasema. “Kama zamani. Nionyeshe ulipokosea.”

Akafurahi, mwanamume. Ungemsikia anavyojiweka sawa, anavyoshusha pumzi. Akaanza kwa sauti yake ya chuoni, ile ya jioni, ya mtu aliyeinama juu ya karatasi ya mwenzake. Kumi na mbili, toa nukta saba. Inabaki kumi na moja nukta tatu, uko nami? Hamisa akasema yuko naye. Sasa mie badala ya kugawa kwa mbili nikagawa kwa moja, si unaona, nikapata elfu kumi na moja na mia tatu, nikachukua elfu kumi na mbili iliyokuwa karibu. Hamisa akasema endelea. Alikuwa ameegemeza kichwa ukutani, machozi yanamtiririka bila kelele, na kila Talha alipouliza umeelewa aliitikia kwamba ameelewa. Hajawahi kusikia uongo uliopangwa vizuri hivyo, na hajawahi kutaka kitu kiendelee kama alivyotaka uongo ule uendelee.

“Halafu unapanda kwenye kolekta,” Talha akasema. “Unataka nusu ya umeme wako ishuke, volti sita. Miliampea moja. Sita kwa moja, kwa hiyo hapo unaweka elfu...”

Akanyamaza.

Nyuma ya Talha Hamisa akasikia feni inazunguka, na kwa mbali redio ya mtu ikijaribiwa, inaongezwa na kupunguzwa. Talha alikuwa benchini hapo hapo alipokuwa akizungumza.

“Hamisa.”

“Abee.”

“Ushaziona za kolekta.”

“Nimeziona.”

Basi akasema. Alisema yote kwa pamoja, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetua mzigo. Viyoyozi aliviacha zamani. Kuna Mwomani mwenye duka la vyombo vya muziki aliyemwona anatengeneza redio, akampa chumba cha nyuma, sasa ni karakana kamili, ana mafundi chini yake, watu wanamletea mashine kutoka miji ya mbali. Anafanya kazi anayoipenda, kwa vifaa ambavyo hapa angeviona kwenye picha tu. Si mwanamke, akasema, akaapa, na Hamisa alimwamini, na kumwamini hakukumsaidia kitu. Kila alipotaka kumwambia alimsikia anauliza habari za Iddi, akashindwa. Bodi kaituma kwa sababu ndiyo nzuri kuliko zote alizowahi kuunda, na hakuwa na mtu wa kumwonyesha. Alijua Hamisa atapima. Sijui, akasema, labda nilitaka upime.

“Iddi huji,” Hamisa akasema.

“Iddi siji.”

“Na Iddi nyingine?”

Talha alisema tu kwamba abadilishe rezista, mkiani aweke elfu tano mia sita, kolekta elfu sita, itaimba vizuri kwenye boksi la nyumbani. Hamisa akamwambia hatabadilisha kitu. Akamwambia pia kwamba amemkumbuka, amemkumbuka mpaka kifua kinamuuma, na kwamba hakumwambia hilo ili arudi, kamwambia kwa sababu ndivyo ilivyo. Talha akaanza kulia. Hamisa alimngoja amalize, akamtakia Ramadhani njema, akakata.

Kisha alifanya jambo ambalo Munira angelisikia angemshika mkono ampeleke kwa tabibu. Rafuni kulikuwa na mashine ya mteja aliyehama bila kurudi kuichukua. Akaifungua, akatoa transfoma lake, la volti kumi na nane pande zote mbili, ambalo ukilipitisha kwenye dayodi na makapasita makubwa linakupa ishirini na nne na ushei. Alifunga waya mwenyewe, akapima upande wa juu, akapima upande wa chini. Hakutaka kuigeuza bodi ya Talha iwe ya kwake. Alitaka kuisikia anavyoisikia Talha kule, kwenye umeme iliozaliwa nao. Na moyoni, kwa kuwa mtu ni mtu, alitaka iwe mbaya. Iwe ya kawaida tu. Iwe na kasoro moja ambayo angeisikia na kusema, hiyo, angekuwa hapa na mie, tungeiona.

Akashika mita, akagusa mkiani: ishirini na tatu nukta tano. Akagawa kichwani, akagawa tena kwa mbili. Miliampea moja huku, moja kule.

Akapitisha ile taarabu. Fidla iliingia kwanza, na Hamisa akasikia upinde unavyogusa uzi kabla ya uzi kulia, kitu ambacho Talha alikuwa akikitafuta tangu chuoni na hawakuwahi kukipata, hata mara moja, hata walipokesha. Akaongeza sauti. Haikuchoka. Akaongeza tena, mpaka mama wa mihogo akaacha kukaanga, akaja kusimama mlangoni na mwiko mkononi, akauliza nani kaunda hicho.

Hamisa akamwambia ni mume wangu. Alikaa kwenye benchi lake akasikiliza mpaka mwisho, akitafuta kasoro. Haikuwa nayo. Ilikuwa nzuri kuliko zote walizowahi kuunda wakiwa wawili.